Ukuta Unaotoka Jasho

Katika kile kiwanda cha barafu watu walikuwa wamezoea kupita korido ya nyuma wakiwa wamejibana upande mmoja, kama wanaompisha mtu. Walichokipisha kilikuwa doa. Lilikuwa kwenye ukuta wa chumba cha baridi, upande wa nje, kimo chake sawa na mtu aliyechutama, mabega yake yamekwenda mraba. Ukuta mzima ulikuwa mkavu, ila pale tu palitoka jasho kutwa kucha, maji yakachuruzika mpaka sakafuni. Wapakiaji walilipaka rangi, rangi ikavimba na kubanduka. Wakalipaka tena, likarudi tena. Mwishowe waliliacha na kulipa jina, wakaliita Fundi, na waliokuwa na mdomo mrefu wakalisalimia asubuhi, kisha wakaharakisha kupita.

Fundi mwenyewe alikuwa amefia upande wa pili wa ukuta huohuo. Alikuwa fundi wa majokofu, na alikutwa ndani ya chumba cha baridi asubuhi ya siku iliyofuata sikukuu, ameketi chini, miguu ameikunja, mikono ameikumbatia kifuani, ametulia tuli. Jalada lilisema kitasa cha ndani cha mlango mkubwa kilikuwa kimekufa siku nyingi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelalamikia jambo hilo. Kwa hiyo, jalada likaendelea, mtu aliyejua kwamba mlango haufunguki kutoka ndani, akaingia, akaufunga, kisha akaketi kwa utulivu, alikuwa ameamua la kuamua.

Inspekta aliyekabidhiwa jalada hilo alikuwa mama wa makamo. Kituoni walimwita Mwalimu, maana kabla ya kuvaa sare alifundisha fizikia, na tabia ya kuuliza swali huku jibu analo hakuiacha darasani. Asubuhi ile alisimama mbele ya doa na mkoba wake, akiwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa msimamizi wa kiwanda, mtu nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi likanyooka kuliko maneno yake. Wa pili alikuwa mjane wa marehemu. Wa tatu alikuwa mdogo wake mjane, mwashi, ambaye kila mtu alimwita Mwiko. Alikuwa amemsindikiza dada yake, lakini alisimama mbali, kwenye kona ya korido, mikono mfukoni.

"Mama mkwe amemchukua mtoto," mjane alisema. Hakuwa analia, machozi yalikuwa yamemwishia. "Anasema mwanawe alijiua kwa sababu yangu. Jumamosi wazee wa upande wao wanakaa, na wakishakaa, mtoto ndiyo amekwenda. Afande, mimi siombi kingine. Mume wangu hakuingia mle kufa."

"Ulijuaje?"

"Aliniambia kuna kimlango kidogo. Nilikuwa namsumbua kuhusu kile kitasa, naye ananicheka. Ananiambia, mke wangu, mimi si panya wa kunaswa, mle ndani kuna kimlango cha nyuma, nainama, natokea koridoni."

Mwalimu alimgeukia msimamizi. Msimamizi alikuwa ameshatabasamu.

"Kimlango kilikuwepo, afande. Tulikiziba mwaka juzi. Marehemu alijua vizuri tu. Tulifanya kitaalamu, si kuungaunga. Matofali, ndani yake povu la kuzuia joto, kisha bati. Pale pako sawasawa na ukuta mwingine wote."

"Kilikuwa wapi?"

Msimamizi alisita kidogo, akaonyesha kwa kidevu. "Hapo."

Alikuwa ameonyesha doa. Mjane alishika mdomo.

"Na haya maji?"

"Bomba, afande. Kiwanda cha barafu hakikosi bomba linalovuja. Hawa vijana wanapenda hadithi."

Mwalimu hakubishana naye. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akalikausha doa mpaka plasta ikabaki na ubaridi tu. Kisha akakata kipande cha nailoni safi, akakibandika juu yake kwa gundi ya karatasi pande zote nne, akahakikisha hakuna upenyo. Akaomba kiti, akaketi.

"Tunangoja nini?" msimamizi aliuliza.

"Tunangoja ukuta useme maji ni ya nani. Yakija chini ya nailoni, yanatoka ukutani, na mimi nitakuomba radhi. Yakija juu ya nailoni, yanatoka kwenye hewa hii tunayopumua."

Wakangoja. Mashine zilinguruma kwa mbali, na kila feni zilipobadili mwendo ukuta ulitoa sauti ndogo, tiki, tiki, kama kucha. Wapakiaji wawili waliotokea mwisho wa korido walisikia, wakageuza. Mwiko naye alisikia. Mwalimu alimwona akifunga macho.

Haukupita muda mrefu. Nailoni ilianza kufifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, vikatokea vitone, vitone vikaungana, vikateremka. Mwalimu alipitisha kidole juu ya nailoni, kikalowa. Akaibandua. Chini yake plasta ilikuwa kavu.

"Hakuna bomba," alisema. "Hapa pana baridi kupita kiasi, basi. Hewa ya korido ikigusa hapa inaacha maji yake. Swali ni kwa nini hapa tu."

Mjane aliangalia doa na kusema polepole, "Watu wanasema ni yeye anataka kutoka."

"Watu wameona sawa, mama, sababu ndiyo hawakuijua. Nipeni kikombe cha bati, maji, na barafu. Barafu nadhani mnayo."

Kikaletwa. Alitia maji, akadumbukiza kipimajoto, akawa anaongeza barafu kipande kwa kipande huku anakoroga, macho kwenye ubavu wa kikombe. Ukungu wa kwanza ulipojitokeza kwenye bati alisoma, nyuzi ishirini na tano. Kwa siku ile, kitu chochote kilichokuwa na baridi kuzidi hapo kingetoka jasho koridoni, na chochote chenye joto kuzidi hapo kingekaa kikavu. Alipima hewa ya korido, nyuzi thelathini. Alimtaka msimamizi asome kipimo cha chumba cha baridi, ambacho kilionyesha kumi na nane chini ya sifuri. Kisha akachukua kipimajoto chembamba cha kubandika, akakiweka kwanza kwenye ukuta mkavu, mbali na doa, akatulia mpaka namba ikatulia nayo. Ishirini na nane na nusu. Akakihamishia kwenye doa. Ishirini na moja.

"Mmeona kazi hiyo," alisema, akatoa chaki. Alipiga magoti na kuanza kuandika kwenye sakafu ya saruji, mbele ya viatu vya msimamizi vilivyong'aa. Msimamizi akasogea nyuma hatua moja.

"Joto la korido linataka kwenda ndani kwenye baridi. Njiani linakutana na matabaka, na kila tabaka linalizuia kwa kiasi chake. Chumba hiki hakizimwi, ukuta umeshatulia. Kiasi cha joto kinachoingia upande huu ndicho hichohicho kinachopita kwenye plasta, ndicho kinachopita kwenye tofali, ndicho kinachotokea kule. Hakuna kinachobaki katikati. Kwa hiyo ukijua kila tabaka linazuia kiasi gani, unajua nyuzi zinashuka wapi na kwa kiasi gani. Tabaka kaidi ndilo linalokula nyuzi nyingi."

Aliandika huku anasema. Kutoka hewa ya korido mpaka kumi na nane chini ya sifuri ni tofauti ya nyuzi arobaini na nane. Ngozi ya hewa iliyotulia juu ya ukuta wa nje ina uzuiaji wa kumi na mbili, kwa kipimo alichokichagua. Plasta mbili. Tofali ishirini. Povu, kwa unene wa pale, mia tatu sabini na tano. Bati halihesabiki. Hewa ya ndani kumi na moja. Jumla mia nne na ishirini.

"Ngozi ya hewa inapata sehemu yake, kumi na mbili katika mia nne na ishirini. Katika nyuzi arobaini na nane hiyo ni nyuzi moja na kidogo. Toa kwenye thelathini."

"Ishirini na nane na kitu," alisema mjane.

"Na ukuta mkavu nimeupima mbele yenu, ishirini na nane na nusu. Kwa hiyo hesabu haisemi uongo, na povu kule lipo. Ukuta kama huo hauwezi kutoka jasho hata ukiutukana." Aligeuka kumtazama msimamizi. "Hapa umeniambia mliweka povu vilevile."

"Labda limelowa. Povu likilowa..."

"Likilowa lote chepechepe bado linazuia kidogo. Tulifute kabisa." Alifuta mia tatu sabini na tano kwa kiganja. "Badala yake tuweke uwazi mtupu, hewa iliyofungiwa kati ya tofali na bati. Uzuiaji wake kumi na nane. Haya, kumi na mbili, mbili, ishirini, kumi na nane, kumi na moja."

"Sitini na tatu," mjane alisema tena. Zamani alikuwa akiuza dukani, na hesabu za kichwani hazikuwa tatizo kwake.

"Kumi na mbili katika sitini na tatu, mara arobaini na nane. Nyuzi tisa na kidogo. Toa kwenye thelathini."

Kipimajoto kilikuwa bado kimebandikwa kwenye doa na wote wanne waliweza kukisoma.

"Nyuma ya tofali hizi hakuna povu," Mwalimu alisema. "Kuna shimo la kimo cha kimlango, na mbele yake bati lililopigiliwa tu. Mtu aliyeziba kitaalamu mwaka juzi asingesahau kitu ambacho kiwanda kizima kimejengwa kwa ajili yake. Huyu alikuwa na haraka. Na hili jasho lilianza lini?"

Msimamizi alijitia kufikiri. Mjane ndiye aliyejibu. "Wiki ile tuliyomzika."

"Nipatie makoti na nyundo," Mwalimu alisema.

Waliingia ndani wakiwa wamevaa makoti mazito, na Mwalimu akaweka kreti kwenye kizingiti ili mlango mkubwa usijifunge. Baridi ya mle haikuwa na mzaha, pumzi zilitoka nyeupe na kope zikaanza kugandana. Mabonge ya barafu yalikuwa yamepangwa mpaka juu, na sauti zao zilirudi kwao zikiwa zimechelewa kidogo, kana kwamba kulikuwa na wengine nyuma ya mabonge wanaorudia maneno. Mjane aliangalia sakafu chini ya bati jipya, mahali alipokutwa mumewe. Hakuna aliyelazimika kumwonyesha. Mwiko alibaki kizingitini.

"Ingia," Mwalimu alimwambia. "Wewe ndiye mwenye mkono wa kazi. Bandua hilo bati."

Mwiko alipokea nyundo. Alipokea kwa mkono wa kushoto, na Mwalimu, ambaye asubuhi nzima alikuwa ameitazama plasta ya koridoni na mistari yake ya nusu duara inayoanzia kulia kuelekea kushoto, aliukazia macho mkono huo.

Misumari ililia ikitoka. Bati likadondoka kwa kishindo. Nyuma yake palikuwa na fremu tupu ya mbao, bawaba mbili bila mlango, na nyuma ya fremu ukuta wa matofali uliojengwa kutokea nje. Mwalimu aliwasha tochi, akachuchumaa.

Saruji kati ya matofali ilikuwa na mifereji. Kila kiungo, kuanzia usawa wa uso wa mtu aliyepiga magoti mpaka chini, kilikuwa kimekombwa. Si kwa chuma. Kila mfereji ulikuwa na upana wa kidole, na kwenye baadhi yake alama ya ukucha ilionekana wazi, imeganda. Tofali moja la katikati lilikuwa limezungukwa pande zote nne.

Mjane aliweka vidole vyake kwenye ile mifereji. Vilikuwa vyembamba mno, vilipwaya. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu waje.

"Saruji ikishakauka huwezi kuikomba kwa kidole," Mwalimu alisema, sauti yake ameishusha. "Hii ilikuwa mbichi alipoigusa. Alipofungua kimlango, baridi iliigandisha na alama zake humuhumu. Ukuta huu haukujengwa mwaka juzi. Ulijengwa siku ileile aliyokufa." Alimulika tochi usoni kwa msimamizi. "Mlango uko wapi?"

Shati la msimamizi, ndani ya koti, lilikuwa bado limenyooka. Yeye ndiye aliyekunjamana. "Niliung'oa," alisema. "Barafu ilikuwa inaibiwa kupitia pale, nikaagiza kizibwe. Zamu yake ilikuwa mchana, nikasema nitamwambia akija. Nikasahau. Ilikuwa siku ya kuamkia sikukuu, kila mtu anakimbilia kwao. Nilipofungua asubuhi ile nilikuwa peke yangu. Nikamkuta. Nilimsogeza pembeni, nikang'oa mlango, nikapigilia bati." Aliitazama ile fremu tupu. "Kisha nikamrudisha alivyokuwa."

"Ukamrudisha," mjane alirudia.

"Alikuwa ameketi vilevile, dada. Hilo sikulibadilisha. Naapa."

Mwalimu aliwatoa wote koridoni kwenye joto, akampigia simu sajini aje na pingu. Kazi ilikuwa imekwisha kwa msimamizi. Haikuwa imekwisha kwa kikao cha Jumamosi, na Mwalimu alilijua hilo. Mama mkwe angeuliza swali moja tu. Mtu aliyekuwa akikomba saruji kwa kucha, saruji ikiwa bado mbichi, tofali moja limeshazungukwa pande nne, kwa nini aliacha? Kwa nini aliketi, akakunja miguu, akatulia? Bila jibu, ile mifereji ingekuwa ya mtu aliyejaribu kidogo, akakata tamaa, akachagua.

Alimwendea Mwiko, ambaye alikuwa amerudi kwenye kona yake.

"Plasta hii imepigwa na mtu wa mkono wa kushoto."

Mwiko alitazama mikono yake mwenyewe kama ya kuazima. Dada yake aligeuka.

"Mdogo wangu?"

"Nilipewa kibarua," Mwiko alisema. "Asubuhi nikajenga, mchana nikarudi kupiga plasta. Nilidhani shemeji anajua. Sikujua habari za kitasa, dada, mimi mtu wa nje, mle ndani sijawahi kuingia mpaka leo. Msimamizi alinifuata msibani akaniambia, ukifungua mdomo, wewe ndiye uliyemjengea kaburi."

"Hayo yote nimeyaelewa," Mwalimu alisema. "Nieleze ya mchana. Ulikuwa hapa unapiga plasta, naye yuko hapo ndani anakomba. Kati yenu ni upana wa tofali. Hukusikia kitu?"

Mwiko aliteleza na ukuta mpaka akakaa chini. Mashine zilibadili mwendo, na ukuta ukatoa ile sauti yake, tiki, tiki.

"Alinigongea," alisema.

Mjane alisogea hatua moja.

"Dada, unajua sisi tulivyokuwa. Kila nikiwa na kibarua huku nyuma, akinisikia nagonga mwiko, naye ananigongea kutoka ndani, maana sauti ya mtu haipiti ukuta huu. Mara tatu. Maana yake, wewe shemeji mvivu, fanya kazi. Nami namgongea mara tatu, maana yake, na wewe nenda kalale. Ulikuwa utani wetu. Hata nyumbani alikuwa anagonga meza hivyo, umemwona mwenyewe." Alifuta uso kwa kiganja. "Siku ile akagonga. Nikasema, huyu naye, hata leo. Akagonga sana. Nikacheka, dada. Nilicheka. Nikageuza mwiko, nikamgongea kwa mpini."

"Mara ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Tatu."

"Halafu?"

"Akanyamaza. Nikamaliza plasta, nikaosha vyombo, nikaenda zangu."

Hapakuwa na haja ya kuandika hesabu hiyo sakafuni, hata hivyo Mwalimu aliiona yote. Mtu yuko magotini, vidole vimechanika, tofali karibu lilegee. Anagonga. Upande wa pili anajibiwa kwa mdundo anaoufahamu, wa mtu wa nyumbani kwake. Kuna haja gani tena ya kujimaliza nguvu? Anatunza joto alilobaki nalo. Anakunja miguu, anakumbatia mikono, anatulia. Shemeji amesikia, anazunguka kuja kufungua mlango mkubwa.

Mjane alikuwa ameshafika hapohapo kwa njia yake. Mwalimu aliiona ikimfika, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile alitamani hesabu ikosee.

"Kwa hiyo alijua ni wewe," mjane alisema.

Mwiko aliinamisha kichwa mpaka magotini.

"Alikuwa anakungoja."

Sajini aliingia koridoni, viatu vikilia, akasimama alipoona hakuna anayemtazama. Mjane alisogea mpaka kwenye doa. Alilifuta kwa pindo la kitambaa chake, taratibu, kama anayempangusa mtu uso. Likabaki kavu kwa muda mfupi, kisha vitone vikaanza upya. Akamwendea mdogo wake, akasimama juu yake. Mwalimu alijiandaa kuingia kati.

"Inuka," mjane alisema. "Twende kwa mama mkwe. Utamgongea meza vilevile mara tatu, na utamwambia mwanawe aliketi kwa nini."

"Dada, ataniua."

"Atamrudisha mtoto. Inuka."

Akampa mkono. Mwiko aliutazama mkono huo muda mrefu kabla ya kuushika.